Mshika Pembe wa Kondo

Jumatatu, 3 Aprili 1995

Mvua. Mguu wa mdogo wangu Kondo umevimba mpaka goti halionekani. Kisu kilimteleza machinjioni Vingunguti, naye akafanya wanavyofanya wote pale – kafungua kidonge cha rangi mbili, unga kaumwagia kidondani, kingine kameza. Halafu sindano. Halafu rangi mbili tena, ila za duka la Tandale. Nadhani aliamini wadudu wa Vingunguti hawajawahi kufika Tandale.

Leo nimemfikisha kwa Dokta Apolinari, kwenye zahanati yake ya binafsi. (Siku hizi kila uchochoro una zahanati au baa. Huyu kabahatika, kapanga ukuta mmoja na baa.) Kasema wadudu wa kidonda hiki wameizoea dawa, ikifika wanaikatakata. Kaandika vidonge vya mchanganyiko: dawa ileile, pamoja na msaidizi wake. Msaidizi haui mdudu! Kazi yake kumbana asiikate dawa.

"Kumbe mshika pembe!" Kondo kasema. "Mwenye kisu bila mshika pembe anaambulia mateke tu, dokta."

Dokta kacheka, halafu kaacha kucheka. Uvimbe usiposhuka, tutakwenda hospitali kubwa wakaukate mguu. Kalisema kwa upole, kama fundi cherehani anayekushauri upunguze suruali.

Jumatano, 5 Aprili

Vidonge nimevipata Kariakoo, kwa Gaspar wa duka la dawa. Kaniambia vikae pakavu. Nimemwambia Mama hivyohivyo, pakavu. Mama kaipokea pakiti kwa mikono miwili. Tangu hapo yeye ndiye daktari wa nyumba hii, mimi nimerudi kwenye ufundi wangu wa redio za watu.

Ijumaa, 7 Aprili

Goti limeonekana! Kondo kaulizia supu ya makongoro. Mama kamwambia, "We mwenye kongoro bovu, tulia kwanza." Tumecheka wote watatu. Sikumbuki mara ya mwisho.

Jumatatu, 10 Aprili

Homa imerudi. Goti halipo.

Nimemshuku Kondo kwamba anatema. Nimechungulia nyuma ya pazia: Mama kampa kidonge, bismillahi, Kondo kameza na kufungua mdomo akaguliwe, kama mtoto wa chekechea. Basi nikamshuku Gaspar. Kaniuzia chaki? Lakini chaki gani iliyoshusha uvimbe mpaka Ijumaa?

Jumanne, 11 Aprili

Dokta kaja mwenyewe, viatu mkononi, tope hadi magotini. Kaminya mguu. Kachukua kalamu, kapiga mstari pajani juu ya uvimbe. Ukiuvuka mstari huu, kasema, msiningoje mie, mkimbizeni hospitali. Kisha kataka kuviona vidonge.

Nikamfuata Mama jikoni. "Mama, dawa ya Kondo umeiweka wapi?"

Yuko mbele ya jiko la mkaa, shingo inamtiririka jasho. Kafungua pindo la kanga alilolifunga kifuani. Vidonge vimo humo, vitupu, vyote vimetolewa kwenye karatasi yake ya kung'aa. Vilikuwa vyeupe. Sasa rangi ya chai ya maziwa, vinanata.

"Si ulisema vikae pakavu, mwanangu? Nyumba nzima inavuja. Pakavu ni kwangu tu. Hata kulala nalala navyo."

Na ile karatasi, nikamuuliza? Ilikuwa inachoma, kasema, na fundo halikazi.

Nimempelekea dokta kimoja uani. Kakinusa. Kasema dawa yenyewe huenda bado imo. Aliyekufa ni msaidizi. Huyo havumilii unyevu, jasho linamtosha. Kwa hiyo Kondo amekuwa akimeza rangi mbili zilezile, ila kwa sherehe.

Mama kauliza dokta kasemaje. Nikajibu dawa imebadilishwa, hii mpya inatakiwa ikae na mimi.

"Kwani mie nimekosea nini?"

Nikawasha redio ya mteja. Bahati mbaya ilikuwa imepona, ikaimba.

Jumatano, 12 Aprili

Pakiti mpya ninayo. Iko ndani ya mkebe wa vipuri, mfuniko nimeuzungushia utepe wa umeme. Gaspar kaapa kwamba hana nyingine.

Asubuhi nimetoa kimoja. Kondo kafumba mdomo.

"Nani kakupa kazi hiyo?"

"Meza, Kondo."

"Mama kalia, braza. Nimemsikia. Hajawahi kunisahaulia hata kimoja, wewe unamnyang'anya kama mwizi wa Manzese. Mrudishie pakiti, anipe yeye. La sivyo, simezi."

Ana homa, lakini ubishi wake ni mzima kabisa.

Nimwambie ukweli? Kati yetu na jikoni kuna pazia tu. Nikimwambia Kondo, nimemwambia Mama kwamba goti lilipotea kwa sababu dawa iliharibikia kifuani kwake. Nimnyamazie – basi nimpe Mama pakiti, na kanga bado ni ileile.

Adhuhuri. Uvimbe umeugusa mstari. Haujauvuka. Umeugusa.

Kidonge kiko kwenye kisosi, nje ya karatasi yake. Paa linavuja pande zote, nimekifunika kwa kiganja cha kushoto, naandika kwa kulia. Kiganja chenyewe kinatoka jasho.

Mama kaingia na kikombe cha maji. Anauliza mbona kidonge kimekaa tu, kuna nini.

Kondo hamtazami Mama. Ananitazama mie.