Pumzi ya Kuitikia Salamu

Kaka Paskali,

Shikamoo. Mkoa mpya umezaliwa, unaitwa Manyara, na bila mimi mdogo wako tungekuwa bado Arusha. Wakubwa walikuwa wamekwama, nikawaonyesha pa kukata mpaka. Makao makuu wakayapeleka Babati, hapo ndipo walipoacha kunisikiliza. Ungekuwepo ungesema, "Damiano, punguza chumvi," halafu ungekohoa.

Nyumbani kumepoa, kaka. Shemeji bado anapanga mito upande wako, ile uliyokuwa unaiegemea usiku kwa sababu ukilala chali pumzi inakata. Sisi tunamwacha tu.

Namkumbuka yule daktari dada aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga. Alikuuliza unataka dawa ikusaidie nini. Nikadakia mimi. Nikasema tunataka upone kabisa, kama ni mapafu mapya yatafutwe hata Ulaya, mimi nina watu. Akanitazama. Akasema mapafu yako yamechakaa, hayatarudi yalivyokuwa. Kisha akakugeukia wewe: "Mzee, nakuuliza wewe."

Akasubiri. Ukaitafuta pumzi mpaka mimi nikaangalia chini.

"Nataka kwenda mnadani," ukasema. "Na watu wakinisalimia... niitikie."

Kaka, mimi sikujua. Nilidhani umeacha kutoka kwa ajili ya miguu. Kumbe ni salamu. Kwetu hapa mtu hakusalimii akapita. Atauliza watoto, ng'ombe, mahindi, mvua, na wewe umetoka kupanda kilima, pumzi ya kutembea na ya kujibu huna zote mbili. Unainua mkono tu, unapita. Wakaanza kusema Paskali anaringa. Wewe, kuringa! Nadhani hilo lilikuumiza kuliko kifua.

Daktari hakucheka. Akakufundisha kuvuta ile dawa ya kichupa kabla ya kutoka, kutoa pumzi polepole kama unapoza uji, na kusimama kwanza ndipo uitikie.

Siku ya ule mnada wa Bashay, wewe ulikaa juu ya gunia la vitunguu saumu. Watoto wanapita, shikamoo, shikamoo, na wewe marahaba, kila mmoja na yake. Wazee wakakuuliza habari mpaka za kuku. Ukajibu mpaka za kuku. Uso wako siku ile, kaka... Basi.

Halafu baridi ikaja, ikakuchukua.

Pumzika sasa. Nakuahidi hivi: mgonjwa yeyote nitakayempeleka hospitali, nitafunga mdomo wangu mpaka ajibu mwenyewe. Najua huamini. Nitajitahidi.

Bado jambo moja. Nimewaambia watu wote kwamba siku ile ya mnada nilikubeba mgongoni mpaka nyumbani. Hata msibani nilisimama nikasema, wakalia. Ukweli tunaujua sisi wawili. Ulirudi kwa miguu yako, unasimama, unaenda. Mimi viatu vyangu vipya vilikuwa vimeniuma, nikawa natembea peku nyuma yako. Na viatu ulivibeba wewe.

Mdogo wako,
Damiano