Shaba Nyuma ya Nyumba ya Jemimah

Gesima,
Jumatatu

Dada yangu Persis,

Natumaini unaendelea vizuri, na kwamba goti limeacha kukusumbua unapopanda kwenda sokoni Nyaramba. Mzee wako na wajukuu nawasalimu wote. Mimi mwili hauna neno, ila uso sijui nitauweka wapi. Najua ulitarajia simu, lakini simu ningeikata kabla sijafika kwenye jambo lenyewe.

Ulisikia redioni walivyonisifu: kwamba mimi na wenzangu tulianza kufundisha fizikia nchini kwa betri za gari na nyaya za redio mbovu, na kwamba shule za milimani zina vyuma vya kukinga radi kwa sababu yangu. Maabara ya chuo imepewa jina langu. Nilivaa suti mpya nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Ungekuwepo ungenicheka.

Wiki hiyohiyo kaka yetu Mokua aliniita nyumbani. Unajua hajatulia tangu radi imuue mwanawe Ogari, aliyekuwa amejikinga mvua jikoni kwa Jemimah akitoka kuchuma chai. Sasa alikuwa akichimba shimo la nguzo ya ua nyuma ya nyumba hiyo, akakuta sahani ya shaba imefukiwa kwenye mkaa na chumvi. Watu wakajaa. Wakaanza kusema omorogi waziwazi, kwamba mchawi amepatikana na dawa zake, na kwamba asilale tena pale. Jemimah, mjane wa marehemu ndugu yetu, hakulia. Alisema kitu hicho kilifukiwa na mimi, shemeji yake, waniulize. Wote wakanigeukia, maana profesa hawezi kukosa kujua. Nikasema sikijui.

Ndipo akafunga nguo zake akaja kwako. Nina hakika amekueleza, na wewe kwa kunipenda umemjibu kwamba kaka yako si mwongo.

Persis, alisema kweli. Shaba ile niliifukia mwenyewe mwaka jana, na yeye akinishikia taa ya simu. Mkaa na chumvi husaidia udongo kuipokea radi ikishuka. Kilichobaki kilikuwa chuma cha juu ya paa na waya wa kuviunganisha, na vyote viko stoo kwangu Nairobi mpaka leo. Kila Jemimah aliponikumbusha nilimwambia nakuja, kisha kukazuka mkutano, au maabara ya kufunguliwa. Ogari akafa chini ya paa hilo. Ningekiri pale uani, wangeuliza chuma kiko wapi. Nikaona afadhali yeye aitwe mchawi kuliko mimi niitwe mzembe. Naona haya hata kuyaandika haya.

Jumamosi, siku ya Sabato, nitayasema kanisani, mbele ya wote waliokuwepo. Tafadhali msomee Jemimah barua hii yote. Usiniombee msamaha, na asipotaka kurudi usimsihi.

Mokua nimeshamwambia leo asubuhi. Nilidhani atanifokea. Aliniuliza tu kazi iliyobaki ingechukua muda gani. Nikamwambia asubuhi moja. Akaingia ndani akafunga mlango.

Wabusu wajukuu kwa niaba yangu. Mungu awalinde nyote hapo nyumbani, na huyo mgeni wenu kuliko wote.

Ni mimi kaka yako,
Anyona