Video ya Baba

Jumatatu, 3 Machi
Nimetoka kazini, nimepika, nimechomeka diski kwa TV nimwone marehemu Baba kama kila jioni. Haiko. Picha za harusi ziko, za ubatizo ziko. Imepotea ile video moja tu, ile anawaambia wazee kwamba shamba la Mashuuru ni langu. Sina nakala nyingine. Mjinga mimi! Yeyo, mama yangu, ameniangalia tu akaendelea kuchambua mboga.

Jumanne, 4 Machi
Jumapili kaka yangu Lemayian alikuja hapa Kitengela, akashinda sebuleni mpaka usiku. Tangu lini anapenda TV? Video ikipotea, shamba ni lake. Hesabu rahisi.

Jumatano, 5 Machi
Nimepeleka diski kwa Mutua, fundi wa kompyuta. Ako na programu ya kurudisha vitu vilivyopotea. Ati niache diski, nirudi kesho. Niache! Na kama ameshaongea na Lemayian? Nimevuta kiti nikakaa hapo kutwa nzima, macho kwa skrini. Amekunywa chai bila kunikaribisha. Sawa tu.

Alhamisi, 6 Machi
Imepatikana! Picha inakwamakwama lakini sauti iko. Baba anakohoa, anataja jina langu. Nimelia dukani bila aibu.

Halafu Mutua akasema diski ni nzima, haina virusi. Mtu alichagua hiyo video moja akaifuta. Nilijua! Nimempigia Lemayian hapo hapo, nimemwita mwizi. Amesema tu, "Dada, ongea na Yeyo." Akakata. Kumsingizia mama mzima! Hana haya.

Ijumaa, 7 Machi
Ni Yeyo.

Nimemuuliza kwa hasira na hakukana. Jumapili alimwomba Lemayian amfutie, akakataa. Basi akafuta mwenyewe kwa rimoti, maana huwa ananitazama nikibonyeza. Na mimi nilidhani hajui hata kubadilisha chaneli.

Kwetu jina la aliyekufa halitajwi ovyo. Yeye hajalitaja tangu mazishi. Mimi nikawa namwekea sauti yenyewe sebuleni, kila jioni, akichambua mboga.

"Unamfufua, halafu unazima TV," alisema. "Mimi namzika kila siku, nakerai, mwanangu. Shamba ni lako. Nilikuwepo, nitawaambia wazee mwenyewe."

Naona aibu.

Jumapili, 9 Machi
Nimemwomba Lemayian msamaha. Amesema sawa, lakini bado amekasirika, na ana haki. Video nimeiweka kwa flash, iko kwa droo kazini.

Jioni hatukuwasha TV. Tulikunywa chai. Yeyo akaanza mwenyewe, bila kuulizwa, habari za "yule mwenye boma" alivyokuwa anaficha sukari kwa buti za mvua ili wageni wasimalize. Akacheka mpaka akapangusa macho. Jina hakulitaja. Nimemwongezea chai, nikamwambia aendelee.