Kaburi la Nasra, Mkulumuzi

Kigombe, 6 Mei 2024

Mwanangu Yakoub,
Assalaam alaykum. Sisi wazima, ila goti langu tu. U hali gani huko mjini? Nasikia unaendesha katapila pale kisiwani, mto Mkulumuzi, mnapotengeneza bustani ya mapumziko. Sijapata kukwambia: dada yako Nasra kazikwa pale. Mwaka wa El Nino baba yako alikuwa akichoma chokaa kisiwani. Homa ikamchukua mtoto, mto umefura, siku tatu hatukuweza kumvusha. Marehemu baba yako akamzika chini ya mti wa mkungu, akampangia mawe. Wewe ulikuwa mgongoni kwangu. Waambie wakubwa wako wamwache.
Barua nampa Miraji, kondakta wa basi la Pangani.
Mama yako, Mwanaasha

Tanga, 11 Mei 2024

Mama, shikamoo.
Mimi mzima, pole na goti. Ondoa shaka. Kaburi nimeliona, mawe yote yapo. Msimamizi wetu, Mzee Methusela, kasema watalizungushia uzio.
Mwanao, Yakoub

Kigombe, 2 Septemba 2024

Mwanangu,
Salamu nyingi. Goti limepungua, alhamdulillahi. Nasikia bustani imefunguliwa na daraja lipo. Ijumaa ya tarehe 13 nakuja nimsomee Yasini, nimpandie na mrehani. Miaka ishirini na sita sijamfikia. Unipokee stendi.
Mama yako

Tanga, 12 Septemba 2024

Mama, shikamoo.
Usije. Nilikudanganya. Barua yako ya kwanza ilinikuta nimeshausukuma ule mkungu. Mawe niliyaona. Nilishuka nikamwuliza Mzee Methusela, "Hili si kaburi?" Akasema, "La nani? Lete karatasi." Nikapanda tena katapila, nikayasukuma. Sikujua kuwa ni dada yangu, lakini nilijua ni mtu. Sasa pana bembea za watoto. Nisamehe, mama.
Mwanao

Kigombe, 15 Septemba 2024

Yakoub,
Barua yako nimeikuta nimesharudi. Stendi hukuja, nikavuka daraja peke yangu. Nilizunguka na mche wangu mpaka mlinzi akaniuliza, "Bibi, umepoteza nini?" Watoto walikuwa wakibembea na kucheka, sikuweza kuwaambia washuke. Yasini nimeisoma nimesimama njiani, sijui nielekee wapi.
Ungekuwa hukujua, ningekusamehe pale pale. Lakini uliyaona mawe, ukapanda tena. Kisha ukaniandikia kuwa yapo.
Kigombe usije. Nikifa, wanizike wengine.
Mama yake Nasra