Chai Pomoni kwa Mheshimiwa Balozi

Mama yangu,

Shikamoo. Nyingine ipe miguu yako, maana nasikia ndiyo iliyonuna. Dada Mwanahawa, picha ya barua hii nimeituma kwenye simu yako; msomee yote kwa sauti, usiruke hata pale ninapokusema. Mimi mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya huku Ulaya ingeua mihogo yote ya Kiwangwa kwa siku moja.

Jumapili ulinitumia salamu kwamba ni malaria tu, nisihangaike, nimalize mkataba. Mwanahawa akaninong'oneza kwenye simu kwamba huu ni mwezi wa pili huinuki kitandani.

Najua nikikueleza habari za tajiri wangu, Balozi wa China, unasema nakuza mambo. Haya, sikiliza. Mtu huyu alianza kazi ujanani pale Dar es Salaam, mkalimani tu, ndiyo maana Kiswahili chake mpaka leo kimejaa "bwana wee". Kutoka hapo wakampeleka nchi hii na ile, akapanda ngazi moja moja, na sasa ndiye anayeisemea nchi yake mbele ya wakubwa wa huku. Kabla mgeni hajafika, yeye ameshajua alizaliwa kijiji gani na anaumwa nini. Nilimwona akikaa na waziri mmoja aliyekuwa anafoka na kupiga meza. Akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu kwa lugha ya waziri yule yule, kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto alale. Waziri alitoka anacheka. Mimi nilibaki mlangoni na trei yangu, mdomo wazi.

Siku nyingine nikamharibia. Alikuja mzee wa Kichina, mkubwa wake wa kazi wa zamani. Mimi niliyelelewa na wewe nikammiminia chai pomoni, kwani kwetu kikombe nusu ni uchoyo. Mzee akakitazama kikombe, akatia miwani mfukoni, akainuka kuaga. Kumbe kwao chai huachiwa nafasi. Ukiijaza hadi ukingoni, umemwambia mgeni aende zake. Nilitamani ardhi inimeze. Balozi akacheka, akachukua birika mwenyewe, akajaza kikombe chake mpaka kikamwagikia kisahani, akamweleza mzee kwamba pwani nilikotoka hivyo ndivyo anavyopewa mgeni anayetakiwa abaki. Mzee akaketi. Walikunywa mpaka adhuhuri. Kazi yake ndiyo hiyo, Mama, kuwaketisha watu ambao wameshaanza kuondoka, na mimi mpaka leo sijui anaifanyaje.

Sasa anastaafu. Juzi nilikuwa namfungia vitabu, nikakuta picha ya mama yake. Akakaa juu ya sanduku, akanisimulia. Mama yake alipougua, yeye alikuwa katika mazungumzo makubwa ya nchi mbili. Kila akipiga simu, mama alimwambia ni mafua tu, kazi kwanza. Mazungumzo yakafaulu, wakubwa wakampongeza. Alipofika kwao, mama alikuwa ameshazikwa siku tisa.

Kisha akaniuliza hali yako. Nikamweleza yote, na kwamba balozi mpya anaingia wiki ijayo, na nisipokuwepo kumpokea nafasi yangu atapewa mwingine.

"Wageni wote wale nilijua wanaumwa nini," akasema. "Mama yangu aliponidanganya, nilimwamini."

Nililia mbele yake, Mama, wala sikuona haya. Mtu mkubwa kiasi kile, na jambo hilo moja limemshinda.

Basi usijichoshe kunitungia malaria. Kazi nimeiacha leo asubuhi, na Alhamisi natua Dar. Usimtume mtu kunikataza, nimeshaaga.

Nisalimie kaka Hamisi, fundi wetu wa baiskeli; mwambie aje kunipokea uwanja wa ndege, asilete udhuru. Nisalimie shangazi Mwatumu anayekukanda miguu, Mungu amlipe. Nisalimie na jirani yetu Mwalimu Sosthenes, aliyenishikisha kalamu hii.

Nikifika nitakaa kitandani pako, nikuulize unaumwa nini. Safari hii nijibu.

Mwanao,
Shabani