Moshi wa Mapanki

Jumanne, 3 Septemba 1996

Bibi wewe, ulipotelea wapi? Tangu Pasaka hujafungua daftari hili! Kisomo cha ngumbaru kilikufundisha herufi za nini — za kufungia sabuni? Haya, najiambia mwenyewe: kaa. Andika.

Malimi wetu tumemzika. Homa, degedege, basi. Mjukuu wangu, mtoto wa Ngosha, yule mwanangu wa kwanza. Leo Ngosha kapita hapa na baiskeli, hakusimama. Sijui kama ameniona.

Ameniona.

Alhamisi, 5 Septemba

Jirani yangu Justa kaninong'oneza kisimani. Ngosha na mkewe wamekwenda kwa mganga, kuku akapasuliwa asomwe matumbo. Mganga akasema aliyesababisha kifo yumo ndani ya ukoo: mwanamke mzee, macho mekundu.

Macho mekundu! Tangu viwanda vya minofu vije Mwanza, samaki mzima tunamsikia tu. Sisi tunauziwa mapanki — kichwa na mifupa — tunayakausha kwa moshi hapa Kisesa. Nani ana macho meupe? Hata Justa yake mekundu. Ila yeye bado kijana, kwa hiyo yake ni moshi. Yangu uchawi.

Ijumaa, 6 Septemba

Mjukuu wangu Selina, ninayekaa naye, anakariri Kiingereza cha kidato cha pili. Kelele! Nikamwambia aniandikie maneno anayoyakariri: make, kutengeneza; create, kuumba; cause. Yametoka wapi hayo?

Anasema mwalimu kawaambia create ni ndugu wa neno la kukua, kama mtama unavyokua. Hilo nimelipenda. Cause ni kusababisha. Limetoka kwa Warumi wa zamani, na kwao lilikuwa pia kesi ya barazani. Accuse, kumshitaki mtu, limezaliwa humo humo.

"Bibi, umeelewa?"

Nikamwambia, kumbe hata huko! Wakitafuta kilichosababisha, lazima apatikane mtu. Mbu hapelekwi barazani.

Akacheka. Halafu akalia. Nikamsukumia sahani — kula kwanza, utalia umeshiba!

Jumapili, 8 Septemba

Ngosha amekuja. Peke yake. Amekonda, mwanangu! Kaleta kifaranga ndani ya kapu.

"Mama, kitemee mate mdomoni. Nakipeleka kwa mganga mwingine, kule Magu. Akikipasua kikawa safi, nitawanyamazisha wote."

"Na kikiwa kichafu?"

Akafunika kapu. "Mama, mimi nataka kiwe safi."

Nikikataa, watasema naogopa. Nikitema, nimekubali kuku aamue kama nilimuua mtoto niliyembeba mgongoni. Na huyu Ngosha nitampoteza vipi, naye nimemzaa mwenyewe?

Nimemwambia angoje, nikampa uji. Yuko nje anakunywa. Uji wangu hauogopi! Kakwangua hadi chini ya kikombe.

Kifaranga kinalia. Ananiita.

Ukirudi hapa, bibi, usizunguke. Andika kwanza: ulitema, au hukutema. Kulia baadaye.