Kitabu cha Saba cha Lesieli

Lesieli,

Ukimaliza kununa huko chumbani, ukune nazi mbili na ufagie baraza. Mchungaji anakula kwetu leo. Shimo la umu, lenye nyama juu ya mawe ya moto, usilifunue mpaka turudi kutoka kanisani, mvuke utapotea na nyama itabaki mbichi.

Ndiyo, nimelifukia mimi, nikiwa na gauni la kanisani. Wewe uliachiwa moto tu uutunze, ukazama kwenye kitabu chako cha saba cha hadithi za nahodha mpaka moto ukazimika na mawe yakapoa. Hilo hata sikukukasirikia. Nilikuuliza tu nahodha wetu amefika wapi. Ukanijibu mbele ya baba yako: "Shangazi, huwezi kuelewa. Wewe soma matangazo yako ya mazishi."

Cha kwanza alikununulia nani? Ulipougua surua, nani alikusomea cha pili mpaka sauti ikamkauka? Nahodha huyo nilimlilia wewe hujajua hata kupenga kamasi.

~~Kitabu nitakirudisha jioni.~~

Kitabu nimekichukua. Baba yako aliniona nacho, akanifungulia mlango. Anajua dada mtu hanyimwi kitu katika nyumba ya nduguye, hapa Tonga.

Tena usidhani kiko kizima. Kuni zilikuwa na umande, moto ukagoma kushika tena, nikahitaji karatasi kavu. Sura ya mwisho imewaka vizuri sana. Niliisoma kwanza, bila shaka.

Ukitaka kujua kama nahodha anarudi nyumbani, njoo uniulize mimi nisiyeelewa.

Shangazi yako